Kiti cha Sabuni na Mzee Aliyeitwa Mwizi

Kila kijana ninayempa kipande cha bati na kumwambia, "Nitengenezee kiti cha sabuni cha kupigilia ukutani, kinachomwaga maji chenyewe," hufanya jambo lile lile. Hapimi. Haulizi sabuni yenyewe ina ukubwa gani. Anachukua msumari na nyundo, anaanza kutoboa matundu.

Siwacheki. Nami nilianza kwa matundu, na matundu yangu nusura yampeleke mzee wa watu kwenye hamsa ishirini. Nyinyi hamkuiona hamsa ishirini, na ni heri. Ni viboko ishirini na tano, uwanjani mwa boma, mbele ya watu, vikihesabiwa kwa sauti. Enzi za Mjerumani, mtoto wa hapa Arusha alijua kuhesabu mpaka ishirini na tano kabla hajajua kufika thelathini.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nafanya kazi kwa Fundi Sefu, mtu wa Pangani aliyepanda huku na msafara wa mizigo kisha akakataa kurudi, eti amependa baridi. Mali ghafi yetu ilikuwa madebe ya mafuta ya taa. Debe likishafunguliwa na kunyooshwa, hakuna kitu usichoweza kukitoa humo: koroboi, faneli, mabuli, vikombe, ndoo. Mkasi wa bati, nyundo ya mti, chuma cha kulehemu na jiko la mkaa, basi.

Fundi Sefu aliniita Bwana Kwa Nini. Aliwaambia wateja, "Huyu ukimwambia akate bati kuanzia kushoto, atakuuliza kulia kuna kosa gani." Ni kweli nilikuwa nauliza. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunasugua bati na kulipaka dawa kabla ya kulehemu, wakati lehemu yenyewe inashika ukiitazama kwa macho. Akaniambia, "Usipake, uone." Sikupaka. Buli lile lilikwenda kwenye harusi, likaachia mshono juu ya mapaja ya baba wa bwana harusi. Tangu siku hiyo napaka dawa, lakini sikuacha kuuliza. Jibu lililokuunguza, au lililomuunguza mwenzio, hulisahau kwa shida.

Sasa nije bomani. Kulikuwa na chumba cha kuogea cha mawe na udongo, kimepakwa chokaa ndani na nje. Juu, kwenye boriti, lilining'inia debe tulilolitoboa chini sisi wenyewe. Ukivuta kamba, maji yanakumwagikia kama mvua. Aliyelijaza debe hilo, akachemsha maji, akasugua sakafu na kutunza sabuni, alikuwa Mzee Loishiye, Mwarusha wa Sekei, mtu mzima mwenye masikio marefu yaliyotobolewa na maneno machache. Kiswahili alikiokota ukubwani na alikitumia kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, moja moja.

Akaja Mjerumani mpya wa kusimamia ghala. Tulimwita Bwana Funguo kwa sababu alisikika kabla hajaonekana. Alitoa kipande kimoja cha sabuni ya kunukia, kizito, chenye herufi zilizogongwa mgongoni, akaamuru kiwatoshe Wazungu wanne wa boma kwa mwezi mzima. Kikaisha siku ya kumi na moja. Akatoa cha pili. Kikaisha siku ya kumi.

Siku alipomwita Loishiye, nilikuwa juu ya boriti naziba debe, kwa hiyo nililisikia kila neno. Bwana Funguo hakuwa amejua Kiswahili bado. Kati yao alisimama mkalimani, Bwana Athumani wa Tanga, kijana nadhifu mwenye kofia nyeupe.

"Mzee, bwana anauliza sabuni iko wapi."

"Imeliwa," akasema Loishiye.

"Imeliwa na nani?"

"Maji. Maji imekula."

Athumani akacheka. "Maji hayana meno, mzee. Halafu sema yamekula." Akageuka, akasema neno fupi la Kijerumani. Bwana Funguo akafungua daftari lake la makosa, akaandika mistari miwili.

Hukumu ikatoka hapo hapo. Loishiye angepewa kipande cha tatu. Kisipofika mwisho wa mwezi, hamsa ishirini, na kazi basi.

Nilishuka, nikamfuata Athumani. Nikamuuliza, "Umemwambia nini?"

"Nilichoambiwa. Kwamba sabuni imeliwa."

"Ulimwambia na maji?"

"Maji gani, fundi? Kwetu ghala likiliwa, kuna mtu kashiba."

Mnaona neno lilivyopinda. Kwa Athumani, kitu cha ghalani kikiliwa, kimeibwa. Kwa Loishiye, mto hula ukingo, kutu hula jembe, maji hula sabuni. Alikuwa amesema kweli tupu, na ukweli wake ukaandikwa kama kukiri.

Lakini msinione nilikuwa mwema kuliko nilivyokuwa. Nami nilimshuku. Nilimkuta nje akipasua kuni, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sabuni, uliichukua?"

Akaweka shoka chini. "Kijana, hiyo kitu inanuka kama ua limelala kwa chupa. Mimi nipeleke wapi?"

"Ungeiuza."

"Nani Arusha hii ataoga, anuke kama Bwana Funguo, halafu apite mbele ya boma?"

Hata hivyo jibu zuri si ushahidi, na nilirudi karakana nikiwa nimegawanyika. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kimoja: ile bakuli ya udongo iliyowekewa sabuni kule ndani ilikuwa imejaa maji kila nilipoiona. Nikamwambia Fundi Sefu nataka kumtengenezea sabuni kiti, kiwe ukutani, kisishike maji.

"Kwa nini?" akaniuliza, akacheka mwenyewe kwa kuwa neno lile lilikuwa langu.

Kiti cha kwanza kilikuwa kisahani cha bati chenye matundu ishirini. Nilikipigilia pale mkono unapofika kwa urahisi, yaani chini ya debe. Sikufikiria kwamba panapofika mkono, maji yanafika pia. Kila mtu aliyeoga aliiogesha na sabuni. Na matundu? Siku ya nne yalikuwa yameziba yote kama pua yenye mafua. Sabuni ikilowa hutoa ute, ute hujaa tunduni, ukikauka unakuwa kizibo kuliko hata nta. Nilikuta sabuni imelala ndani ya maji yake yenyewe, imeshapungua robo.

"Bwana Kwa Nini," akasema Fundi Sefu, "umemchimbia sabuni kaburi."

Kiti cha pili nilikitoboa matundu makubwa. Ute ulipita, lakini pembe ya sabuni ikazama tunduni, ikamegeka, vipande vikaenda na maji. Tena hicho hakikumaliza siku tatu. Ukuta wa udongo unaonekana mgumu kwa sababu ya chokaa, lakini msumari ukiupiga humo ni kama umeuchomeka kwenye mkate. Kiti kilianguka Mzungu mmoja akiwa uchi na povu machoni.

Nikamuuliza Loishiye, "Alisema nini?"

"Alisema mengi. Athumani hakuwepo, lakini nilielewa yote."

Hapa vijana mnisikilize, maana hili litawafaa hata kwenye nyumba za matofali. Usipige msumari kwenye ukuta laini. Toboa tundu la unene wa kidole gumba, chonga kigingi cha mti mgumu uliokauka sawasawa, mimi hutumia loliondo, ukizamishe kwa nyundo mpaka kilingane na ukuta. Msumari unapigwa kwenye kigingi. Bafuni kuna unyevu. Mti mkavu ukinywa unyevu hutanuka, na kadiri siku zinavyopita ndivyo unavyouma ukuta. Hapo maji, badala ya kuwa adui yako, yanakushikia kazi.

Kiti cha tatu nilikifuata Sekei. Nilikwenda kumuuliza Loishiye mambo mawili matatu ya bafuni, nikamkuta shambani kwake, ameingia mferejini mpaka magotini. Maji ya Mlima Meru yale hugawanywa kwa mifereji, kila shamba na siku yake, na mtu asiyejua kuyaongoza hana maharage. Nikamweleza shida ya matundu. Alichuma jani, akaliweka juu ya maji.

"Angalia. Likisimama, mfereji umelala. Likikimbia, mfereji itakula udongo. Inataka itembee kama mzee anakwenda kwenye pombe na hataki watu waone ana haraka."

Nikalitazama jani likienda. Kisha nikatazama maharage. Hakuna shina lililosimama ndani ya maji. Mashina yalikaa juu ya matuta, maji yakapita chini yao, yakatokea upande wa pili kwa upana wote wa shamba bila kupita kwenye tundu lolote.

"Wewe umempa maji mlango," akasema Loishiye. "Hujampa njia."

Nilishuka mlima nusu nikikimbia.

Nikakunja bati likawa na matuta manne, kati ya moja na jingine upana wa kidole, ili sabuni ikae juu ya migongo na isiguse chini. Mabonde kati ya matuta niliyainamisha kuelekea mbele, mwinamo wa lile jani. Upande wa mbele niliuacha wazi wote. Hakuna tundu hata moja. Ili sabuni isiteleze, ncha za matuta mawili ya kando nilizipinda juu zikawa vipembe.

Nikakijaribu kwa kopo la maji pale karakana, nikashangaa: maji yalifika ukingoni, badala ya kudondoka yakang'ang'ania bati, yakarudi kwa chini mpaka nyuma, yakateremka ukutani. Kwa namna hiyo chokaa ya boma ingeoza kwa wiki mbili, na lawama ya ukuta ingemwangukia nani? Fundi Sefu aliyekuwa akitazama kwa jicho moja akanirushia buli. "Mdomo wa buli umepinda wapi?" Mdomo wa buli zuri hupinda chini kwa ghafla pale mwisho, ndiyo maana chai haitembei shingoni. Nikaupinda ukingo wangu hivyo hivyo, mkali. Maji yakaanguka wima.

Kingo zote nilizikunja ndani, maana bati likikatwa na kuachwa hivyo, kutu huanzia kwenye jeraha. Nikakisimamisha mbali na ukuta kidogo ili ukuta upumue. Safari hii nilikipigilia ukuta wa mbali na debe, kwenye kigingi cha loliondo, kimo cha kiwiko, kwa sababu mtu mwenye povu machoni hapapasi juu wala chini, hupapasa kwenye kiwiko. Jaribuni mfumbe macho.

Siku kumi na mbili zilikuwa zimeshapita. Sabuni iliyobaki haikufika hata nusu. Lakini kuanzia siku ile ilianza kwisha kwa adabu. Loishiye alikuwa akiipima kila asubuhi kwa kidole, ananiambia, "Iko." Wiki nyingine, "Iko." Mwezi ulipoisha, ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda, lakini ilikuwepo.

Tulikwenda wote watatu mbele ya Bwana Funguo, Loishiye, Athumani na mimi. Loishiye akaiweka ile sabuni mezani. Bwana Funguo akaitazama, akatabasamu, akasema. Athumani alichelewa kidogo kutafsiri.

"Bwana anasema, kumbe ukitishwa huibi."

Kwa akili ya mtu yule, kipande cha tatu kufika mwisho wa mwezi kulithibitisha kwamba viwili vya kwanza viliibwa. Mwizi ameogopa, ameacha. Adhabu sasa ikawa ya makosa yale mawili ya kwanza, na siku iliyotajwa ilikuwa Jumamosi. Kazi yangu niliyoisotea ilikuwa imegeuka shahidi dhidi ya mzee. Na mnajua kilichoniuma zaidi? Nilikuwa siwezi kusema kwamba hoja yake ni ya kipumbavu. Ilisimama. Ilikuwa ya uongo, lakini ilisimama.

"Mwambie nina swali," nikamwambia Athumani.

"Wewe na maswali yako. La leo lina viboko ndani yake."

"Mwambie."

Nikaeleza. Achukue kipande kipya, akikate katikati mwenyewe. Nusu moja aiweke kwenye bakuli ya udongo kama zamani, nusu nyingine kwenye kiti changu. Loishiye asikanyage bomani siku kumi. Maji yajazwe na askari. Ufunguo wa bafu akae nao yeye Bwana Funguo, awafungulie wenzake mwenyewe. Nusu ya bakuli ikiyeyuka na ya kiti ikabaki, basi mwizi hakuwahi kuwepo.

"Na neno moja," nikasema. "Usimwambie kuliwa. Mwambie kuyeyuka."

Athumani akamgeukia Loishiye. "Mzee, siku ile ulikusudia kuyeyuka?"

"Nilisema maji."

Athumani akavua kofia yake, akaitazama ndani kama ameandikiwa kitu humo, akaivaa tena. Halafu akazungumza Kijerumani kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia. Bwana Funguo alimsikiliza, akanitazama, akaongeza lake. Athumani alinitafsiria hilo kwa sauti ndogo: nusu zote mbili zikipungua sawa, hamsa ishirini ya mzee, na yangu pia.

Fundi Sefu aliposikia, aliacha kazi. "Una uhakika?"

"Sina."

"Sasa ulisemea nini?"

"Nilitaka kujua."

"Na mgongo wako nao ulitaka kujua?"

Siku ya pili ndipo nilipoiona dosari katika mtego wangu mwenyewe. Watu wangetumia sabuni ipi? Iliyo kwenye kiwiko, kavu, rahisi kushika, au iliyo kwenye bakuli kama uji? Ya kwenye kiti, bila shaka. Kiti kizuri kingefanya sabuni yake iishe kwa kutumika. Ubora wa kazi yangu ungeweza kuniponza kwa mara ya pili. Nilitaka kurudi kwa Bwana Funguo niongeze sharti, lakini anayebadilisha sharti katikati ya mchezo huonekana ameshaanza kushindwa. Sikwenda. Siku zile nililehemu faneli mbili zikiwa zimeziba tundu.

Siku ya kumi tulikutana mlangoni mwa bafu. Bwana Funguo akafungua.

Nusu ya kwenye kiti ilikuwa imepungua kuliko nilivyotumaini. Nilivyohofia ndivyo, waliipenda. Lakini ilikuwa kavu, imekaa juu ya matuta yake, na mgongoni herufi tatu zilisomeka. Bwana Funguo akaigonga kwa ukucha. Ikalia kama kijiti.

Kisha akainama kwenye bakuli. Akabonyeza kwa kidole. Kidole kikazama mpaka kikagonga udongo wa chini. Akakitoa, kikiwa kimevaa ute mweupe mpaka kwenye kiungo, akakifuta kwa leso, polepole, huku na huku, muda mrefu sana kwa kidole kimoja. Sikuwahi kumshuku tena Loishiye tangu nilipokiona kidole kile, nami nawaambia wazi kwamba kabla ya hapo sikuwa nimemaliza. Kwa hiyo nyinyi mnaopenda kushuku, shukuni, ila muanze na bakuli. Mtu mfikieni mwisho.

Bwana Funguo akasema maneno mengi. Athumani akatafsiri, "Anasema rudi kazini."

"Amesema mengi," akasema Loishiye. "Mengine ni gani?"

"Mengine ni ya sabuni. Anataka viti vinne."

"Na ile ya wizi?"

Athumani akauliza. Bwana Funguo akatoa daftari mfukoni, akatafuta ukurasa, akachora mstari mara mbili. Loishiye hakujua kusoma. Akanigeukia mimi.

"Amefanya nini?"

"Amefuta, mzee."

"Maneno bado inaonekana?"

Nikachungulia. "Yanaonekana. Chini ya mstari."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na hakushangaa. Bwana Funguo alikuwa ameshachomoa ufunguo wa bafu kwenye kamba yake, anamnyooshea.

"Mwambie nitakuja kesho," akasema Loishiye. "Leo nina kazi zangu."

Athumani alinitazama mimi, akamtazama bwana wake, kisha akatafsiri neno kwa neno bila kupunguza hata moja. Nilijua kwa sababu tafsiri ilikuwa fupi kama maneno ya mzee, na Bwana Funguo akawa mwekundu shingoni. Loishiye hakungoja jibu. Alichukua fimbo yake pale ukutani, akapita uwanja wa boma katikati, akatoka langoni. Askari wa zamu akampisha. Bwana Funguo alibaki amesimama mlangoni mwa bafu, mkono ameunyoosha, na ufunguo ndani yake.